Amana ya Mwenye Ufunguo

Chumba cha kupanga Mwanjelwa, jijini Mbeya, kikishafungwa madirisha jioni ya mwezi wa Julai, hewa iliyobaki ndani ni ya nani? Kuta ni za mwenye nyumba, naye hudai kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo. Kitanda, kabati na jiko la mkaa ni vya mpangaji. Bati ni la huyu, pazia ni la yule. Kila kitu humo kina mwenyewe, na kikiharibika tunajua pa kwenda kudai. Hewa peke yake haina hati wala risiti, ingawa kila aliyemo hulazimika kuitumia, kiasi cha lita 10,000 au zaidi kwa mtu mzima kwa siku moja. Mtu anaweza kudhani hili ni swali la mwanasheria au la daktari. Mimi naliona kuwa swali la imani na maadili kwanza, na jibu nitakalolitetea ni kwamba hewa iliyofungiwa ndani ni amana, na amana hiyo imo mikononi mwa yule mwenye uwezo juu ya ukuta, dari na dirisha, awe mwenye nyumba, mchungaji mwenye ukumbi, kamati ya msikiti, mwalimu mkuu au mwenye ghala la mahindi. Kwa kuwa madhara ya hewa hayaonekani kwa macho, wajibu wa kuyatafuta ni wake, wala hana haki ya kungoja mpaka anayekohoa athibitishe kikohozi chake kimetoka wapi.

Mbeya ni jiji la baridi kwa viwango vya Tanzania. Liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, chini ya mlima Loleza, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Kabla ya baridi hiyo mvua huwa imenyesha tangu Novemba hadi Aprili, pengine na Mei. Nyumba nyingi za Mwanjelwa ni za tofali za kuchoma zilizoezekwa bati, zimesogeleana kiasi kwamba dirisha la mmoja hutazama ukuta wa mwingine. Tofali hilo hunywa maji. Pale ambapo fundi hakuweka kizuizi cha unyevu juu ya msingi, maji hupanda kutoka ardhini, lipu huvimba na kumeguka, rangi hubambuka. Bati likivuja penye msumari, dari hulowa na kubaki na doa la kahawia ambalo baada ya masika mengine huwa jeusi. Usiku, pumzi za watu wanne waliolala chumba kimoja, mvuke wa sufuria ya maharage na nguo zilizoanikwa ndani kwa kukwepa mvua hugeuka maji kwenye ukuta wa baridi nyuma ya kabati. Kuvu haihitaji zaidi ya hapo, maana mbao, karatasi na vumbi la ngozi zilizopukutika ni chakula chake. Ikishaota hutoa spora, yaani vijimbegu vyake, kwa maelfu na malaki. Spora za Aspergillus, mojawapo ya kuvu zinazostawi katika majengo yenye unyevu na katika nafaka isiyokaushwa vizuri, zina upana wa mikroni 2 hadi 4 hivi, ilhali unywele wa binadamu una takriban mikroni 70. Kitu kidogo kiasi hicho hakitui upesi. Kabati likisogezwa au dari ikigongwa, spora hupanda na kuelea kwa saa nyingi, zikichanganyika na moshi wa mkaa, vumbi la barabara kuu iendayo Tunduma na nyuzi za mitumba iliyofunguliwa sokoni asubuhi.

Kwa mtu mwenye mapafu mazima, sehemu kubwa ya spora hizo hupita bila kumdhuru, na ni vema kulisema hilo wazi kwa sababu watu hutishwa bure pia. Hakuna hewa ya kawaida isiyo na spora. Madhara hutegemea wingi wake, muda wa kuzivuta na udhaifu wa anayezivuta. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009 kuhusu unyevu na kuvu majumbani, lilieleza kwamba wakazi wa majengo yenye unyevu hupata pumu, maambukizi ya njia ya hewa na dalili nyingine za kifua zaidi ya wengine. Nyanda za Juu Kusini zina sababu ya ziada ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2016–2017 ulizikuta Njombe, Iringa na Mbeya zikiongoza nchini, kwa asilimia 11.4, 11.3 na 9.3 ya watu wazima. Tanzania imo pia katika orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa kifua kikuu duniani, na si bure kwamba kituo cha Mbeya cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu kimejikita kwenye magonjwa hayo mawili. Kifua kikuu kikipona, mara nyingine huacha matundu kwenye pafu, na Aspergillus hupenda kuweka makao humo. Mgonjwa huanza tena kukohoa, pengine hata damu, na makohozi yakipimwa hayaonyeshi kifua kikuu. Mtu wa namna hiyo hajitambulishi mlangoni. Hupanga chumba kama wengine, husali kama wengine, na mwenye jengo hawezi kumjua kwa kumtazama. Ndiyo maana nasema wajibu hauwezi kungoja malalamiko: anayedhurika zaidi mara nyingi ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kunyamaza.

Je, kitu kisichoonekana kinaweza kuhojiwa kikajibu? Historia ya karne moja na nusu inasema kinaweza. Mwaka 1860 Louis Pasteur alifungua chupa za mchuzi uliochemshwa mahali mbalimbali, akaziziba tena upesi, akasubiri. Chupa 11 alizozifungua katika ua wa jengo jijini Paris ziliharibika zote. Kati ya 20 alizozifungua juu ya barafu ya milima ya Alpi iliharibika moja tu. Mchuzi ulikuwa uleule, tofauti ilikuwa hewa. Karibu miaka mia baadaye, huko Baltimore, Marekani, William Wells na Richard Riley walipitisha hewa iliyotoka katika wodi ya wagonjwa wa kifua kikuu kwenye vizimba vya simbilisi, wale wale wanaofugwa jikoni katika nyumba nyingi za Iringa na Njombe. Wanyama hao hawakugusana na mgonjwa yeyote. Walishiriki naye hewa tu, na mwezi baada ya mwezi waliambukizwa. Kundi jingine lililopewa hewa ya wodi ileile baada ya kupitishwa kwenye mwanga wa urujuanimno halikuambukizwa. Leo vyombo ni vyepesi zaidi. Pampu ndogo huvuta lita 15 za hewa kwa dakika na kuzigonga kwenye kioo chenye gundi, kisha spora huhesabiwa kwa hadubini. Kisahani cha agari, yaani jeli ya kuoteshea vijidudu, kikiachwa wazi mezani, spora hai zinazotua juu yake huota na kuonekana kwa macho baada ya siku chache. Vihisi vya bei nafuu hutumia mwanga kuhesabu chembe ndogo na kuonyesha idadi yake kwenye kioo cha simu.

Lakini vyombo hivi vina mipaka, na mipaka hiyo ndiyo kiini cha hoja yangu. Kisahani cha agari hukamata zilizo nzito na kuziacha zinazoelea. Tena huonyesha zilizo hai tu, ilhali spora iliyokufa bado inaweza kuchochea mzio. Pampu iliyofanya kazi kwa dakika 5 imesikiliza dakika hizo 5, na idadi ya spora katika chumba kimoja hubadilika mara nyingi kati ya asubuhi mtu anapofagia na mchana nyumba inapokuwa tupu. Namba ya ndani haina maana bila namba ya nje iliyopimwa saa ileile. Kihisi cha chembe hakitofautishi spora na moshi wa mkaa, na katika ukungu mzito wa asubuhi za Mbeya hupotoka, kwa sababu chembe zikinyonya unyevu huvimba na kuonekana kubwa kuliko zilivyo. Kwa sababu hizi, mwongozo ule wa 2009 haukuweka kiwango cha spora ambacho chini yake mtu yuko salama. Ulielekeza mahali pengine kabisa: penye unyevu wa kudumu na kuvu inayoonekana au kunuka, unyevu uondolewe. Ushauri huo unashangaza ukifikiria kwamba umetoka kwa wataalamu wa vipimo. Unakiri kwamba pua na macho ya mwenye nyumba ni ushahidi wa kutosha kuanza kazi.

Hapo ndipo watu wa dini wanapaswa kusimama na kusoma tena kitabu ambacho wengi wao hukiruka. Sura ya 14 ya Mambo ya Walawi, kuanzia aya ya 33, inaeleza nini kifanyike nyumba ikipatwa na pigo ukutani, madoa ya kijani au mekundu yaliyozama ndani kuliko uso wa ukuta. Hatua ya kwanza ni ya mwenye nyumba. Yeye ndiye anayetoka kwenda kwa kuhani kusema kwamba ameona kitu kinachofanana na pigo. Hatakiwi kuwa na hakika, na mapokeo ya Kiyahudi yaliyoandikwa katika Mishna yanaongeza kwamba hata kama mwenye nyumba ni msomi anayelijua jambo lile vizuri, apeleke shaka yake tu na kumwachia kuhani hukumu. Kisha kuhani anaagiza vyombo vitolewe kabla yeye hajaingia, ili mali ya mwenye nyumba isihesabiwe kuwa najisi pamoja na kuta. Anakagua, anaifunga nyumba kwa siku 7, anarudi. Madoa yakiwa yameenea, mawe yaliyoathirika yanang'olewa na kutupwa nje ya mji, ukuta wote wa ndani unakwanguliwa, mawe mapya yanawekwa na lipu mpya inapigwa. Pigo likirudi baada ya hayo yote, ndipo nyumba inabomolewa. Lisiporudi, inatangazwa kuwa safi na watu wanarudi kuishi.

Sidai kwamba Walawi walijua spora. Wamo hata marabi wa kale waliosema nyumba ya namna hiyo haikuwahi kutokea, na kwamba sheria hiyo iliandikwa ili watu wajifunze. Basi na tujifunze. Jambo linalonigusa zaidi liko mwanzoni mwa kifungu, ambapo Mungu mwenyewe anasema kwamba yeye ndiye atakayelitia pigo hilo katika nyumba. Msomaji wa haraka angetegemea baada ya maneno hayo agizo la kunyenyekea na kuvumilia. Kinachofuata ni ukaguzi, kukwangua, kupima tena baada ya siku 7 na gharama za fundi. Hili linawajibu moja kwa moja wale wanaosema, kwenye misiba na kwenye mahubiri, kwamba ugonjwa ni mapenzi ya Mungu na kwamba kupekua dari kutafuta sababu ni upungufu wa imani. Kifungu chenyewe kinalichukua dai lao katika sura yake kali kabisa, kwamba pigo limetoka kwa Mungu, na bado kinamtuma mwenye nyumba kwenda kutoa taarifa. Kukubali kwamba jambo limeruhusiwa na Mungu hakumwondolei mwenye ukuta wajibu wa kuutazama ukuta wake.

Uislamu una njia yake ya kufika hapo hapo. Wanazuoni wa fikihi wamejenga sehemu kubwa ya sheria ya ujirani juu ya kanuni itokanayo na hadithi ya Mtume, ya kutodhuru na kutolipizana madhara. Iko pia hadithi mashuhuri, iliyomo katika mikusanyiko ya Bukhari na Muslim, inayomtaka aliyekula kitunguu saumu kibichi asiukaribie msikiti. Wengi huichukulia kama suala la adabu na harufu tu. Naiona ina uzito zaidi. Swala ya jamaa ni miongoni mwa mambo yanayosisitizwa sana, na hapa mtu anaambiwa akae mbali nayo kwa ajili ya kitu halali alichokila, kwa sababu hewa ya ndani ya msikiti si yake peke yake. Haki ya wengine kupumua bila kukereka imewekwa juu ya hamu yake ya kuhudhuria. Kama harufu ipitayo kwa saa chache imepewa uzito huo, ukuta unaotema spora mwaka mzima upande wa wanawake, ambako mara nyingi madirisha ni machache na madogo zaidi, unastahili kujadiliwa na kamati kwa uzito usiopungua huo.

Mwanafalsafa Mwingereza William Kingdon Clifford aliliweka suala hili nje ya dini zote katika insha yake ya mwaka 1877 kuhusu maadili ya kuamini. Anamchukua mwenye meli kuukuu. Meli hiyo imeshatengenezwa mara nyingi, na watu wamemnong'oneza kwamba haifai. Mwenye meli anahangaika kidogo, kisha anajituliza: imesafiri salama mara nyingi, Mungu ataziangalia familia zilizomo, si vema kuushuku uaminifu wa mafundi walioiunda. Mwishowe anaamini kwa moyo mweupe kabisa kwamba meli ni nzima, anaiaga ikiondoka, inazama, anachukua fidia ya bima. Clifford anasema ana hatia ya vifo vile, na unyofu wa imani yake haumwokoi, kwa sababu aliipata kwa kuzima shaka badala ya kuikagua meli. Kisha anaongeza jambo gumu zaidi: hata kama meli ingefika salama, angekuwa na hatia ileile. Mwenye nyumba anayepaka rangi mpya juu ya doa jeusi kabla mpangaji mwingine hajaingia anafanana naye hatua kwa hatua. Huenda hana nia mbaya hata chembe. Huenda anaamini kweli kwamba lile lilikuwa doa la maji tu. Ninachouliza ni aliipataje imani hiyo, na kama aliwahi kupanda juu ya dari.

Pingamizi la kwanza lenye nguvu linatokana na sayansi yenyewe. Kama wataalamu hawajaweza kutaja kiwango cha hatari, mwenye nyumba wa Mwanjelwa atalaumiwaje kwa kuvuka mstari ambao haupo? Pingamizi hili lingenishinda kama ningekuwa nasema habari za adhabu. Ili kumtoza mtu faini au kumpeleka mahakamani unahitaji mstari. Ili kumwambia ana kazi ya kufanya unahitaji dalili tu, na hapa utaratibu wa Walawi na mwongozo wa 2009 vinakubaliana kwa namna isiyotarajiwa. Nakwenda mbali zaidi: kuning'inia kwenye namba kunaweza kuwa njia ya kuukimbia wajibu. Mwenye jengo anayeagiza kipimo kimoja cha dakika 5 siku ya kiangazi, madirisha yakiwa wazi, atapata karatasi safi ya kuonyesha watu, na ukuta utabaki na maji yake. Kipimo kina kazi yake ya heshima. Kinasaidia kutafuta kuvu iliyojificha pale penye harufu lakini hapana doa, kulinganisha chumba kabla na baada ya matengenezo, kulinda wodi ya wagonjwa dhaifu. Kikitangulizwa kama sharti la kuamini maneno ya mpangaji kinageuka kuwa kizuizi, na gharama ya kukivuka inamwangukia mwenye kipato kidogo zaidi.

Sheria zetu nazo huelekea zaidi kwenye madhara yanayoonekana au kupimika kuliko yale ya chumbani. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamlinda mfanyakazi wa kiwanda cha mbao kule Mafinga, na wakaguzi wa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, hupima vumbi linaloelea mahali pa kazi. Mfanyakazi huyo huyo akirudi chumbani kwake, hakuna anayeuliza. Bwana afya hukagua choo, bucha na meza ya mama lishe, na kazi hiyo imeokoa watu wengi. Ni nadra kusikia amekagua nyuma ya kabati. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inampa kila mkazi wa nchi haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na sioni sababu kwa nini haki hiyo ikomee kwenye kizingiti cha mlango. Tumezoea kuwajibishana kwa madhara yenye mwanga na kelele. Soko la Mwanjelwa lilipoteketea mwaka 2006, na lile la Sido lilipoungua mwaka 2017, mji mzima uliona, watu wakahoji nyaya, njia za gari la zimamoto na nani alizembea. Madhara yanayoingia mtu mmoja mmoja kwa miaka huachwa yaitwe kifua cha ukoo.

Wapo wanaosema lawama ni ya wapangaji wenyewe. Wanajaza watu chumbani, wanapika ndani, wanaziba dirisha kwa maboksi, wanaingiza jiko la mkaa usiku. Yote hayo hutokea, na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa ni hatari ya namna nyingine kabisa, maana hewa yake ya sumu inaweza kuua kabla ya alfajiri. Anayelijua hilo na kuwaingizia watoto wake jiko ana sehemu yake ya wajibu. Lakini tutazame mpangilio wa nguvu. Mpangaji huziba dirisha kwa kuwa halina kioo na nje kuna nyuzi 8. Huanika nguo ndani kwa kuwa hakuna upenu. Amepewa ukuta unaolowa, na njia zote za kujikinga na baridi alizo nazo zinaulowesha zaidi. Desemba 2020, mtoto wa miaka 2, Awaab Ishak, alifariki huko Rochdale, Uingereza, katika nyumba ya kupanga iliyojaa kuvu. Baba yake alikuwa ameanza kulalamika tangu 2017, na miongoni mwa majibu aliyopata ni kupaka rangi juu ya kuvu hiyo; mtindo wa maisha wa familia hiyo, yenye asili ya Sudan, ulitajwa pia kuwa sababu. Novemba 2022 mchunguzi wa vifo aliamua kwamba kuvu ya nyumba ile ndiyo iliyoharibu mfumo wa hewa wa Awaab, na mwaka 2023 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria, inayojulikana kwa jina la mtoto huyo, ya kuwawekea muda wa kuchukua hatua wenye nyumba za kijamii. Nchi yenye maabara kila kona ilihitaji kifo ili ikubali kwamba neno la mpangaji lilikuwa ushahidi.

Umaskini ndilo pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote. Wenye nyumba wengi wa Mwanjelwa si matajiri. Wengine ni wajane wanaoishi kwenye ua huohuo, wakivuta hewa ileile, na kodi ya vyumba vitatu ndiyo ada ya wajukuu. Ukiwabana kwa viwango vya Ulaya, kodi itapanda na mpangaji dhaifu atahamia penye ukuta mbaya zaidi. Sina jibu linaloondoa ugumu huu wote, na ninamshuku yeyote anayedai analo. Ninachoweza kuonyesha ni kwamba utaratibu wa kale uliuona. Vyombo vinatolewa kwanza ili maskini asipoteze sufuria yake pamoja na ukuta. Marabi waliuliza kwa nini, wakajibu kwamba vyombo duni vya udongo navyo vina thamani mbele ya Mungu. Jiwe linang'olewa kabla ya ukuta, ukuta unakwanguliwa kabla ya nyumba kubomolewa. Hatua nyingi za Mwanjelwa ni za ngazi hiyo ya jiwe moja: kuziba tundu la msumari, kuweka mfereji wa bati ili maji yasimwagike kwenye msingi, kuchimba mtaro, kutoboa matundu ya hewa juu ya dirisha, kusogeza kabati mbali na ukuta wa nje, kukwangua lipu mbovu badala ya kuipaka rangi. Palipo na mjane asiyeweza hata hayo, amana haifutiki. Inapanda ngazi, inakwenda kwa wale waliokabidhiwa kuwatunza wajane, nao wanajua ni akina nani.

Maana Mbeya ni mji wa nyumba za ibada. Wamoraviani walifika katika nchi ya Wanyakyusa mwaka 1891, Walutheri wa Berlin wakafika miaka hiyohiyo, na leo ni vigumu kutembea mtaa mzima bila kupita kanisa, msikiti au ukumbi wa kukodi wenye spika mlangoni. Katika majengo hayo hukaa watu kwa mamia, wakiimba, yaani wakivuta na kutoa hewa kwa nguvu, na mkesha ukiangukia usiku wa baridi madirisha hufungwa mpaka alfajiri. Humo wamo wenye pumu, waliopona kifua kikuu, wanaomeza dawa za kufubaza VVU bila jirani zao kujua. Wamekuja kwa kuamini kwamba mahali pale ni salama. Uongozi unaowaombea uponyaji ukiwa umekalia ufunguo wa dirisha unapaswa kuliona dirisha hilo kuwa sehemu ya huduma yake, na kulipangia bajeti kama inavyopangiwa vyombo vya muziki. Kabla mvua za Novemba hazijaanza, baraza la wazee au kamati ya msikiti inaweza kumpandisha fundi juu ya dari, ikamwuliza ameona nini, ikaandika jibu lake katika kumbukumbu za kikao pamoja na tarehe ya matengenezo na jina la atakayesimamia. Muumini akitaka kuzisoma, aonyeshwe.